Jinsi ya kuomba na kujiandaa kwa mtihani wa IELTS ukiwa Unguja au Pemba

IELTS ni mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza. Anza na pasipoti kabla ya kitabu cha mazoezi. Ndiyo utakayojisajilia na ndiyo utakayoingia nayo chumba cha mtihani, na majina lazima yafanane herufi kwa herufi. Hapa kwetu hilo ni jambo zito: cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha skuli kinasema Hamisi. Sahihisha kwanza, kisha ndipo uombe pasipoti Uhamiaji.

Pili, kiulize chuo unachokiomba kinataka IELTS ya aina gani. Academic ni ya wanaokwenda chuo kikuu. General Training hutumiwa zaidi na wanaohamia nchi nyingine kwa kazi. Uliza pia alama, maana mtihani hupimwa hadi 9, na vyuo vingi hutaka kiwango cha jumla na kiwango cha chini kwa kila sehemu.

Kujisajili ni kwa intaneti, kupitia British Council au IDP, mashirika yanayoendesha mtihani huu. Unachagua tarehe na kituo, unapandisha picha ya ukurasa wa pasipoti, unalipa. Lakini usikate tiketi ya boti bado. Kusikiliza, kusoma na kuandika hufanywa siku moja; kuzungumza kunaweza kupangwa siku nyingine, hata wiki moja kabla au baada. Anayetoka Mkoani, Pemba, akapitia Unguja kwenda Dar es Salaam asubiri ratiba kamili, na afike siku moja kabla. Bahari ikichafuka, mtihani haumngoji mtu.

Sasa kuzungumza, na hapa nakuomba utulie. Vijana wetu wanasoma Kiingereza miaka mingi darasani, ila nyumbani, sokoni na barazani ni Kiswahili tupu. Kinachokosekana ni mtu wa kuzungumza naye.

Mahojiano ni ya dakika 11 hadi 14. Utaanza kwa maswali ya kwenu, kazi au masomo yako. Kisha utapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kufikiri na kuandika vidokezo, halafu uzungumze peke yako hadi dakika 2. Mwisho ni mjadala mpana unaotokana na mada hiyo. Wengi huishiwa maneno kwenye kadi, kwa sababu hutaja nani, wapi na lini, wakanyamaza. Maelezo yako mengi yaweke kwenye "kwa nini". Jirekodi kwa simu ukieleza mambo unayoyajua kwa undani, kama vile karafuu zinavyochumwa, zinavyochambuliwa na kuanikwa. Sikiliza ulipokwama, kisha eleza tena siku hiyo hiyo.

Ukiwa mjini Unguja, watafute wageni wanaojifunza Kiswahili SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wao wanahitaji ulimi wako, wewe unahitaji wao: nusu saa lugha yao, nusu saa yetu. Wete au Chake Chake, patana na mwenzako msemeshane kila jioni, hata kama nyote mnakosea.

Mtahini hupima kwa uzito sawa ufasaha wenye mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Lafudhi ya Kipemba si kosa, muradi unaeleweka. Tena th ya thelathini na dh ya dhahabu tayari tunazo kinywani, na wengi duniani huzihangaikia. Jichunge na mawili: kumtaja mama kwa kiwakilishi cha mwanamume, kwa kuwa "yeye" yetu haibagui, na kuongeza irabu mwisho wa maneno yanayoishia konsonanti. Majibu ya kukariri achana nayo, mtahini huyatambua. Usiposikia swali, omba lirudiwe.

Matokeo kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka 2. Aliyefanya kwa kompyuta akapungukiwa sehemu moja tu, akiulize kituo kama kinatoa nafasi ya kuirudia sehemu hiyo pekee ndani ya siku 60, na akiulize chuo kama kinayakubali matokeo ya namna hiyo, kabla ya kulipia mtihani mzima upya.