Vitabu Vifupi, Msomaji Mmoja: Namna ya Kujenga Kipato cha Kila Mwezi kwa Kujichapishia Vitabu vya Maarifa

Kitabu kimoja kifupi hakikupi kipato cha kutegemea. Jamaa na marafiki watakinunua wiki za kwanza, kisha mauzo yatashuka na kubaki hukohuko chini. Fedha inayoingia kila mwezi hutoka kwenye vitabu kadhaa vifupi vinavyomhudumia msomaji yuleyule, kwa sababu aliyemaliza cha kwanza na kuridhika hahitaji kubembelezwa upya anunue cha pili. Lishike hilo kabla hujaandika neno la kwanza, maana ndilo litakaloamua mada, urefu, bei, hata jalada.

Mimi ni mhasibu. Kwa miaka mingi nimekagua daftari za vikundi vidogo: vyama vya kuweka na kukopa, kamati za ujenzi, vikundi vya wazazi, vilabu vya michezo. Karibu kila mahali nilimkuta mtu wa aina moja, mweka hazina mpya aliyechaguliwa kwa kuwa watu wanamwamini, si kwa kuwa anajua hesabu. Ana bahasha ya risiti, daftari la mtangulizi wake lisilosomeka, na mkutano wa wanachama unaokaribia. Huyo ndiye msomaji wangu. Vitabu vyangu vyote vimeandikwa kwa ajili yake, na ndivyo vinavyonilipa.

Kumpata msomaji wako

Usianze na mada. Anza na mtu unayemjua vizuri kiasi cha kuyakumbuka maswali yake kwa maneno yake mwenyewe. Andika maswali uliyoulizwa kweli, na watu halisi, kazini au mtaani, bila kuyapamba. Orodha yangu ilikuwa na maswali kama haya: Mwanachama amelipa lakini hana risiti, niandikeje? Fedha mkononi ni pungufu kuliko daftari, nimwambie nani kwanza? Namkabidhi vipi mwenzangu ofisi nisije nikadaiwa baadaye?

Kila moja kati ya hayo ni kitabu kizima. Waandishi wengi huyafanya kuwa sura za kitabu kimoja kikubwa kuhusu misingi ya uhasibu, na hapo ndipo msomaji anapowapita. Mtu aliyegundua upungufu jioni ya leo hatafuti misingi ya uhasibu. Anatafuta jibu la upungufu, tena alipate kabla hajalala, na yuko tayari kulilipia.

Mada ikishapatikana, jiulize kama kitabu kitaendelea kuwa kweli baada ya miaka mitatu. Namna ya kulinganisha daftari na taarifa ya benki haibadiliki upesi. Maelezo ya vitufe vya programu fulani ya simu hupitwa na wakati mara tu programu hiyo inapoboreshwa. Kama unataka kipato tulivu, weka uzito kwenye mambo yanayodumu.

Kuandika

Maneno 10,000 hadi 15,000 yanatosha. Kwa makadirio ya maneno 250 kwa ukurasa, hizo ni kurasa 40 hadi 60, na mtu anaweza kuzimaliza kwa kikao kimoja. Usijaze maneno ili kitabu kinenepe. Anayenunua kitabu kifupi cha maarifa analipia muda wake uliookolewa.

Sehemu ya mwanzo ndiyo ninayoitolea jasho zaidi. Kindle, duka la vitabu vya kielektroniki la Amazon, humruhusu mteja kusoma takribani asilimia 10 ya mwanzo wa kitabu kabla hajanunua. Kwa kitabu cha maneno 12,000, hiyo ni kama maneno 1,200. Hesabu sasa: ukurasa wa hakimiliki, tabaruku, shukrani, dibaji ya rafiki, yaliyomo, utangulizi kuhusu umuhimu wa mada. Msomaji anafika mwisho wa sampuli hajaona hata jibu moja. Mimi hupeleka shukrani na wasifu wangu nyuma ya kitabu. Katika kitabu changu cha daftari la fedha, kitu cha kwanza baada ya yaliyomo ni ukurasa mmoja wa daftari uliojazwa tayari: tarehe, maelezo, namba ya risiti, fedha iliyoingia, iliyotoka, salio. Maelezo yanakuja baada yake. Aliyeusoma ukurasa ule anaweza kuanza kazi usiku huohuo, na kwa sababu hiyo anaamini kwamba kurasa zinazofuata zina kitu.

Rasimu ikikamilika, usiipeleke kwa mtaalamu mwenzako kwanza. Atakusifu au atakuongezea mambo ambayo msomaji hayahitaji. Mpe mtu aliye katika hali ya msomaji wako, kaa naye, mwache afuate maelekezo bila wewe kumsaidia. Pale anapoinua kichwa kukuuliza, pana sentensi ya kuandikwa upya. Baada ya hapo ndipo umlipe mhariri. Kama bajeti yako inatosha watu wawili tu, walipe mhariri na msanifu wa jalada.

Kuhusu akili bandia, nasema wazi. Tangu Septemba 2023 Kindle Direct Publishing (KDP), huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, humtaka mwandishi atamke kama maandishi, picha au tafsiri ya kitabu chake imetengenezwa na mashine. Tamka kweli. Vitabu vifupi vya maarifa vilivyoandikwa hivyo ni vingi mno sasa, navyo hufanana. Kinachokutofautisha ni yale uliyoyaona kwa macho yako: risiti iliyofutika wino, mwenyekiti anayekopa kwa mdomo akiahidi kurudisha kesho. Msomaji anajua mara moja kwamba mwandishi amewahi kuwa chumbani humo.

Jalada, jina na maelezo

Jina liseme msomaji ni nani na atapata nini. “Mweka Hazina Mpya: Kufunga Hesabu za Mwaka kwa Siku Saba” linafanya kazi kuliko “Nuru ya Fedha.” Jalada lisomeke likiwa dogo kama kidole gumba, kwa kuwa watu wengi watalionea kwenye simu. Kwa kitabu cha kielektroniki, ukubwa unaopendekezwa na Kindle ni pikseli 2,560 kwa urefu na 1,600 kwa upana. Vitabu vyako vyote viwe na sura ya kifamilia: rangi zibadilike, lakini herufi na mpangilio vibaki vilevile.

Unapopandisha kitabu KDP, utapewa nafasi saba za maneno ya utafutaji na kategoria tatu. Usirudie humo maneno ambayo tayari yapo kwenye jina la kitabu. Weka maneno ambayo msomaji angeyaandika akiwa na shida, na hapa ile orodha yako ya maswali inakuwa na kazi ya pili.

Bei na mrabaha

Hapa mhasibu ndani yangu anadai nafasi. Kindle ina viwango viwili vya mrabaha, yaani sehemu ya bei anayolipwa mwandishi, kwa kitabu cha kielektroniki. Ukipanga bei kati ya dola 2.99 na 9.99, unaweza kuchukua asilimia 70, baada ya kukatwa gharama ya kusafirisha faili, ambayo katika soko la Marekani ni senti 15 kwa kila megabaiti. Nje ya bei hizo unapata asilimia 35. Faili ya megabaiti moja kwa dola 2.99 inakuachia karibu dola 1.99. Kitabu hichohicho kwa senti 99 kinakuachia kama senti 35. Maana yake unahitaji kuuza karibu nakala sita za bei ya chini ili ufikie nakala moja ya dola 2.99. Mimi sioni sababu ya kuuza maarifa ya kazi kwa senti 99. Punguza ukubwa wa picha, faili iwe nyepesi, bei ibaki palepale.

Soma pia orodha ya nchi. Asilimia 70 hulipwa kwa mauzo ya wateja walio katika nchi zilizoorodheshwa. Mteja akiwa kwingine, unapata 35 hata kama bei ni ileile. Na kama wewe si raia wala mkazi wa Marekani, jaza dodoso la kodi kwa makini. Mrabaha wa mauzo ya Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30, isipokuwa nchi yako ina mkataba wa kodi unaopunguza kiwango hicho.

Kwa kitabu cha karatasi, uchapaji wa KDP ni wa nakala kwa nakala kadiri mtu anavyoagiza, kwa hiyo hujazi stoo. Tangu Juni 2025, kitabu chenye bei ya chini ya dola 9.99 hulipwa asilimia 50 ya bei, na kuanzia hapo kwenda juu asilimia 60. Kisha gharama ya uchapaji inaondolewa. Kitabu chako lazima kifike kurasa 24, na maandishi kwenye mgongo wa kitabu hayaruhusiwi mpaka kurasa zizidi 79, basi usimlipe msanifu kwa kazi ya mgongo ambao hautatumika. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, unayopewa bure na KDP hutumika huko KDP tu. Ukitaka kuchapa kwingine kwa namba ileile, pata yako mwenyewe. Kitabu cha kielektroniki hakilazimiki kuwa nayo.

Utaulizwa pia kama unataka kujiunga na KDP Select, mpango wa kuiuzia Kindle peke yake. Ukikubali, nakala ya kielektroniki haitauzwa popote pengine kwa siku 90, na kipindi hujirudia chenyewe usipokizima. Faida yake ni kulipwa kwa kila ukurasa unaosomwa na wanachama wa Kindle Unlimited, wanaosoma vitabu kwa kulipa ada ya mwezi. Kwa vitabu vya maarifa vilivyo vifupi, kurasa ni chache, na malipo nayo ni madogo. Kwa hiyo napendelea kuvisambaza kwenye maduka mengi. Draft2Digital hupeleka faili yako kwa Apple Books, Kobo na wengineo, nayo huchukua takribani asilimia 10 ya bei ya rejareja. Soko moja likibadilisha masharti, mengine yanaendelea.

Njia ambayo waandishi wengi hawaigusi ni kuuza kwa mafungu. Mweka hazina mmoja hununua nakala moja, lakini muungano wa vikundi unaofundisha viongozi wake hununua boksi zima. Mwandishi anaruhusiwa kuagiza nakala zake kwa gharama ya uchapaji na usafirishaji, bila mrabaha. Ninaandika barua fupi kwa waandaaji wa mafunzo, naambatisha sura moja, nataja bei ya nakala 20 na ya nakala 50. Barua nyingi hazijibiwi. Zinazojibiwa hurudi mwaka unaofuata, kwa sababu kila mwaka kuna viongozi wapya.

Kuvifanya vitabu viuzane

Kitabu cha kwanza kiwe jibu la swali lenye dharura kubwa kuliko yote. Kwangu kilikuwa cha upungufu wa fedha, ingawa kimantiki daftari linatangulia. Ukurasa wa mwisho wa kila kitabu unataja hatua inayofuata ya msomaji na kitabu kinachoishughulikia, kwa sentensi tatu au nne tu. Aliyekwisha kutatua upungufu anaambiwa: sasa tengeneza daftari ambalo halitakuruhusu kufika hapa tena, na namna yake iko katika kitabu hiki. Kila kitabu kipya kikitoka, narudi kwenye faili za vitabu vya nyuma na kubadilisha ukurasa huo.

Fungua leja yenye mstari kwa kila kitabu, kila umbo na kila duka. Kumbuka kwamba Kindle hulipa takribani siku 60 baada ya mwezi kuisha: mauzo ya Januari yanaingia mwishoni mwa Machi. Asiyejua hili hudhani ana mwezi mbaya wakati anapokea matunda ya mwezi mwingine kabisa. Mwezi wa kwanza wa kitabu usiuamini, umejaa marafiki. Angalia mwezi wa sita na kuendelea. Chukua mauzo ya kawaida ya mwezi mmoja kati ya hiyo kwa kila kitabu, uyajumlishe, na hiyo ndiyo namba unayoweza kupangia kodi ya nyumba.

Kitabu kikidorora, kwanza tazama watu wanakwama wapi. Wakifika kwenye ukurasa wake na hawanunui, badilisha jalada, jina dogo au maelezo, kimoja kwa wakati, usubiri uone. Wakinunua na kulalamika, tatizo limo ndani, na halitibiwi kwa jalada. Marekebisho madogo unapandisha faili mpya mahali pa ile ya zamani, na maoni ya wasomaji yanabaki. Ukiandika upya sehemu kubwa, toa toleo jipya na useme wazi ni toleo la pili.

Anwani ya barua pepe iwe ndani ya kila kitabu, pamoja na ombi hili: niandikie pale ulipokwama. Wengine wataandika usiku wa manane, na daftari mbele yao. Jibu kila barua, kisha nakili swali lake kwenye orodha. Swali la kukabidhi ofisi lilirudi kwa watu wasiofahamiana, wa vikundi visivyofanana, mpaka nikaona nisiendelee kulijibu mmoja mmoja. Nilikusanya majibu niliyokwisha kuyatuma, nikayapanga kwa mfuatano wa siku ya makabidhiano, na hiyo ikawa rasimu ya kwanza ya kitabu kinachoongoza kwa mauzo ya mafungu.