Kuku wa haradali ya Dijon kwenye sigiri, mchuzi usikatike

Jumapili iliyopita wifi yangu alinipigia simu kutoka Arua: wageni wako sebuleni na mchuzi umekatika sufuriani. Tuliuokoa kwa simu. Nimeyapanga hapa niliyomwambia, maana hata mimi mchuzi huu uliwahi kunikesha.

1. Chupa

Kampala utaipata kwenye supamaketi kubwa. Ile haradali laini ya kupaka kwenye soseji iache. Rangi yake ni ya bizari ya manjano na ukali wake mdogo. Ya Dijon hutengenezwa kwa mbegu za kahawia au nyeusi, ndiyo maana inapanda puani. Dijon ni mji wa Ufaransa, lakini chupa si lazima iwe imetoka huko. Soma kibandiko: nyingine zina divai nyeupe, na sisi Waislamu hilo tuliangalie kabla ya kulipa.

2. Kuku

Vipande 8, chumvi, pilipili manga. Kaanga kwa samli hadi viwe vya kahawia, vitoe. Kaanga kitunguu na saumu, tia kijiko kikubwa kimoja cha haradali, kikombe cha supu, rudisha kuku, funika. Wa kisasa dakika 35. Wa kienyeji mchemshe kwanza hadi alainike, na supu yake ndiyo utumie.

3. Krimu na haradali

Hapa usiharakishe.

Mara ya kwanza nilimimina maziwa mabichi mchuzi ukitokota, nikafuatisha haradali. Haikupita dakika, vibonge vyeupe vikaelea juu ya maji ya manjano, kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu. Nilirudia mara tatu, hadi saa nne usiku. Sababu ni kwamba haradali ina siki, na siki ikikutana na moto mkali huyakata maziwa. Krimu nzito ina mafuta mengi, ndiyo inayovumilia. Tumia krimu ya kupikia, robo lita, au malai uliyoengua mwenyewe ukayapiga kwa uma yakalainika. Maziwa matupu hapana, hata yawe ya leo asubuhi.

Epua sufuria, ngoja dakika mbili mapovu yaishe. Kwenye bakuli changanya krimu na kijiko kikubwa cha haradali, kisha ongeza mchuzi wa moto kijiko kimoja kimoja, kama vitano, ukikoroga. Bakuli likipata joto, ndipo umimine sufuriani.

Sigiri haina kitufe cha kupunguza moto. Toa makaa zaidi ya nusu, yaliyobaki yafunike kwa majivu, funga mlango wa chini. Rudisha sufuria dakika nne. Mvuke upande, lakini mchuzi usichemke.

Epua tena, ndipo utie kijiko cha chai cha mwisho cha haradali. Ule ukali wa puani huruka na mvuke. Haradali yote ukiitia mwanzoni, utabaki na uchachu tu.

Ukikatika, usitie unga wa ngano kama alivyofanya wifi. Epua, tia vijiko viwili vya krimu baridi, piga kwa nguvu. Ukikataa, toa kuku, chuja mchuzi, anza krimu upya.

Mimi napendelea sufuria nzito ya chuma cha pua. Ya alumini inafaa kupikia, ila usilaze mchuzi humo; siki huila na asubuhi unaonja bati.

4. Chumvi

Onja mwishoni, haradali ina chumvi yake. Pakua na matoke au viazi.

5. Iliyobaki

Chupa ikishafunguliwa weka kwenye friji, vinginevyo ukali unapungua upesi. Ile inayoshika ukutani mwa chupa usiioshe: tia kijiko kimoja cha siki na vitatu vya mafuta, funga, tikisa hadi iwe nzito. Haradali huyashikanisha mafuta na siki. Mwagia ovakado.