Kugeuza Veni Kuukuu Kuwa Banda la Kuku la Majira ya Baridi

Mwongozo huu unahusu veni ya mizigo iliyokufa injini lakini bodi yake bado nzima. Sehemu ya mizigo yenye mita 2.5 kwa 1.5 hutosha kuku 8 au 9, kwa hesabu ya mita ya mraba 0.4 kwa kila mmoja. Usizidishe. Kila kuku wa ziada anaongeza unyevu, na ndani ya banda la chuma unyevu huumiza kuku kuliko baridi yenyewe.

1. Ondoa sumu na tangi

Mwaga oili, maji ya breki na maji ya rejeta kwenye vyombo vinavyofungika, kisha vipeleke panapopokelewa taka za magari. Maji ya rejeta ya nchi za baridi mara nyingi huwa na ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu ambayo mbwa na paka huilamba. Toa betri. Tangi la petroli liondoke lote kabla hujawasha grainda, kwani hata likiwa tupu hubaki na mvuke unaoweza kulipuka.

2. Vua kila kitu cha ndani

Viti, zulia, sponji na vitambaa vya dari vyote vitoke. Ukiviacha, utitiri mwekundu utajificha humo mchana na kunyonya damu ya kuku usiku. Sugua kutu na upake rangi ya kuizuia.

3. Egesha

Milango iupe upepo kisogo. Inua gari juu ya matofali kiasi cha sentimita 30 ili panya wasipate kificho chini yake. Ziba kila tundu la sakafu kwa bati.

4. Matundu ya hewa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu akili inawatuma kuziba kila upenyo ili joto lisitoke. Kuku ana joto la mwili la nyuzi 41 na amevaa manyoya. Baridi kavu anaimudu. Asichokimudu ni hewa yenye maji. Kinyesi chake robo tatu ni maji, na pumzi yake inaongeza mengine usiku kucha. Mvuke huo ukigusa bati baridi unageuka matone, matone yanadondokea migongo ya kuku, matandiko yanalowa, amonia (gesi kali ya kinyesi) inapanda. Vilemba (nyama nyekundu za kichwani) vilivyolowa ndivyo vinavyoungua kwa baridi: ncha zinabadilika rangi, zinakuwa nyeusi, kisha zinakatika.

Kata ufa mmoja kila ubavu, juu kabisa chini ya paa, upana sentimita 15 na urefu mita 2. Usikate mbavu za bodi, yaani vyuma vinavyoimarisha kuta. Ukifikia mojawapo, iruke na uendelee kukata mbele yake. Usitoboe paa, hata ukisifiwa silikoni (gundi ya kuzibia) ya aina gani, kwa sababu theluji ikiyeyuka itapata njia. Kila ufa uwe na kifuniko cha plaiwudi chenye bawaba juu, kinachofunguka kwa nje kama kope, ili mvua na theluji visiingie. Ndani yake funga wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 13, kwa skrubu na washa pana (visahani vya chuma vya chini ya skrubu). Wavu mwembamba wa kuku haufai: kicheche hupenya na rakuni (mnyama mla kuku wa Amerika Kaskazini) huuchana.

Siku za dhoruba funga upande unaopigwa na upepo, lakini ule mwingine usiufunge kabisa. Kipimo ni rahisi: alfajiri tazama vioo kwa ndani. Vikiwa na barafu au matone, ongeza upenyo. Kisha chuchumaa mpaka pua ifike kimo cha kuku. Macho yakiwasha, hewa haitoshi, hata kama ukisimama husikii harufu yoyote.

5. Povu na plaiwudi

Gundisha povu gumu (vibao vyepesi vya kuzuia baridi) la milimita 25 moja kwa moja kwenye bati, lishikane bila nafasi nyuma. Funika lote kwa plaiwudi ya milimita 6, maana kuku hudonoa povu na kulimeza. Jaza viungo vyote kwa silikoni. Hiyo huzuia mvuke kufika kwenye bati na huwanyima utitiri maficho.

6. Fito na viota

Tumia mbao za sentimita 5 kwa 10, upande mpana ukiwa juu, ili kuku akilala afunike vidole kwa manyoya. Bomba la chuma hapana. Kila kuku apewe sentimita 25. Fito zikae sentimita 60 kutoka sakafuni. Katika veni yenye kimo cha mita 1.3 vichwa vitabaki chini ya matundu, na upepo utapita juu yao.

Viota viwili au vitatu vya sentimita 30 kila upande vinatosha. Viweke juu ya matao ya magurudumu, mahali ambapo hapana kazi nyingine.

7. Matandiko, maji, joto

Maranda makavu, kina cha sentimita 20, yakipinduliwa kila wiki na kuongezwa. Maji yakae juu ya tofali, yabadilishwe asubuhi na jioni yasigande. Taa ya kupasha joto usiweke: ikianguka kwenye maranda banda linaungua, na umeme ukikatika kuku waliozoea joto wanapigwa na baridi ghafla.

Mlango unaofungwa jioni uwe na komeo la hatua mbili. Kitasa cha gari pekee hakitoshi, kwa kuwa chuma chake huganda na kugoma kufunga sawasawa.