Ulimi nao ufunge
Aya ya 183 ya Surat al-Baqara, inayowafaradhishia waumini saumu, inataja lengo lake kuwa ni kupata ucha Mungu, wala haisemi kwamba njaa yenyewe ndiyo inayotafutwa. Kwa sababu hiyo, unapotia nia ya kufunga, ongeza juu yake azimio moja mahususi kuhusu ulimi: chagua kosa unalolijua kuwa ni lako, liwe kusengenya, kutia chumvi katika habari au kujibu kwa ukali, kisha ulihesabu siku hiyo kana kwamba ni chakula kilichowekwa mbele yako mchana. Azimio la jumla la "kuwa mwema" halishikiki, na kwa kawaida huyeyuka kabla ya adhuhuri.

Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kwamba mtu akitukanwa au akichokozwa hali amefunga, aseme, "Mimi nimefunga." Wapo wanazuoni walioona kuwa maneno hayo huambiwa mchokozi, na wapo walioona kuwa mtu hujiambia nafsini mwake, mimi naegemea rai ya pili pale ambapo kuyatamka kungefanana na kujionyesha, kwani saumu ni ibada ya siri ambayo Mwenyezi Mungu, katika hadithi qudsi (maneno Yake yaliyosimuliwa na Mtume nje ya Qur'ani), ameinasibisha na Nafsi Yake.

Jioni, kabla ya kufuturu, tenga dakika chache ujiulize kama azimio lile lilivunjika, na kama lilivunjika, uombe msamaha na ulirudie kesho lilelile bila kulibadilisha.