Kabla Hujafungua Duka la Mtandaoni Dar, Piga Hesabu ya Oda Moja

Kabla hujamlipa mtu akutengenezee tovuti, chukua kalamu uifuate oda moja kuanzia Kariakoo hadi mlangoni kwa mteja. Tuseme unauza viatu vya watoto. Pea umeichukua kwa bei ya jumla 18,000, unaiuza 25,000. Ukiangalia haraka, faida ni 7,000. Sasa toa boksi na mfuko, toa makato ya simu, toa bando, toa na hela ya tangazo lililomleta mteja huyo. Kumbe yuko Mbagala, umeshamwandikia "tunakuletea bure", na bodaboda anataka 5,000. Hapo umefanya kazi ya bure. Kiatu kikimbana mtoto kikarudishwa, ni hasara tupu.

Kwa hiyo nauli ipange mapema kwa maeneo: Sinza na Mwenge bei moja, Bunju na Mbagala nyingine, Kigamboni peke yake. Mzigo wa mkoani ukiupeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi, piga picha risiti na namba ya basi umtumie mteja papo hapo, kabla hajaanza kukupigia kwa wasiwasi. Amua pia mapema nani analipa nauli kitu kikirudi, na uandike hilo mahali mteja ataliona kabla ya kulipa.

Bei iandike. "Njoo inboksi" inamchosha mtu mwenye pesa mkononi, nalo duka la pili liko kidole kimoja mbele yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtandaoni hupotea kwa kasi zaidi, maana unaweza kuuza pea moja kwa watu wawili ndani ya dakika tano. Kila jioni hesabu kilichobaki, ufute picha ya kilichoisha. Malipo yapokee kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, na usiachie mzigo kwa sababu ya picha ya meseji ya malipo. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Karatasi hazina maelezo marefu: TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na leseni ya halmashauri yako. Ila jina usilisajili kabla ya kuhakikisha kwamba anwani yake ya tovuti ya .co.tz na kurasa za mitandao ya kijamii bado ziko wazi. Ukishaanza kukusanya namba na anwani za wateja, ujue kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya mteja alikupa upeleke kiatu, hakukupa umgawie rafiki yako anayeuza vipodozi.

Oda kumi za kwanza zifanyie WhatsApp, tovuti itafuata. Na walau moja, panda bodaboda uipeleke mwenyewe. Nilipofanya hivyo Tandale, tulizunguka nusu saa tukiulizia msikiti, kisha fundi cherehani, kisha mwembe, huku simu ya mteja haipokelewi. Tangu siku hiyo fomu yangu ya oda ina nafasi mbili ambazo zamani hazikuwepo: "karibu na nini?" na "namba ya mtu mwingine aliyepo nyumbani".