Kabla ununue dawa ya miti ya kulinda ini, anza na haya

Hapa town, kuanzia River Road mpaka kwa stage za matatu, kuna watu wanauziwa chupa za dawa ya miti ati inazuia kansa ya ini, na huwa naumia moyoni juu wanunuzi wengi wana hofu ya kweli, pengine walizika mzazi na huo ugonjwa. Miti ina nafasi yake, lakini si ya kwanza.

Kwanza kapimwe hepataitisi B. Hiyo virusi, hepataitisi C, pombe, mafuta kwa ini na aflatoksini ndio huleta kansa nyingi za ini, na B unaweza kaa nayo miaka na miaka bila kuhisi kitu. Ukipatikana huna, dungwa chanjo tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na ya mwisho miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mtoto anadungwa kliniki akiwa wiki 6, 10 na 14, usiruke hata moja. Ukipatikana nayo kuna dawa za hospitali za kuituliza, usiziache ukimbilie mizizi.

Halafu angalia unga wako. Aflatoksini ni sumu ya ukungu kwa mahindi na njugu zilizowekwa na unyevu, na kupika haiitoi. Mwaka wa 2004 iliua watu 125 hapa Kenya, wengi wa Makueni na Kitui, hao walikula nyingi kwa mara moja, lakini ile kidogo kidogo ya kila siku ndio huleta kansa pole pole. Ukitumiwa gunia kutoka ushago fanya hivi: chukua chupa ya soda ya glasi, kavu kabisa, weka mahindi mpaka robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tingisha sana kisha iache itulie kama dakika 15. Chumvi ikishika kwa ukuta wa chupa, hayo mahindi hayajakauka, yarudishe kwa jua juu ya turubai, si kwa mchanga. Ikianguka yote chini, sawa. Kisha mwaga kwa sinia uchambue, toa zenye rangi ya kijani, zilizotobolewa na zile nyepesi, na usipee ng'ombe juu sumu inarudi kwako kwa maziwa. Kukoboa pia kunasaidia sana, ndio maana mimi napenda muthokoi.

Sasa miti yenyewe. Huko Qidong, China, watu wanaokula aflatoksini kwa chakula walipewa klorofilini, inatengenezwa kutokana na ile rangi ya kijani ya majani, miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miezi minne, na alama ya sumu kwa mkojo ikashuka kwa asilimia 55. Hiyo ni alama ilishuka, hawakupima kama kansa yenyewe imezuiwa. Kwa hivyo mimi nakula majani kama chakula: sukuma, managu, kabichi, brokoli nikipata. Manjano weka kwa mchuzi bila wasiwasi, lakini tembe za manjano zilizokolezwa, haswa zenye pilipili manga, zimeumiza maini ya watu, na tembe za majani chai ya kijani pia. Silimarini, dawa inayotolewa kwa mmea unaoitwa milk thistle, inauzwa sana, ila haijathibitishwa kuzuia kansa kwa binadamu. Na unga wa miti saba kwa karatasi moja, muuzaji hata hawezi kukutajia jina la mti mmoja, huo usinywe kabisa.

Kama tayari unakunywa kitu, beba hiyo chupa uende nayo kwa daktari, usiifiche, umwombe kipimo cha ini. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa kama strungi ama mwili ukianza kuwasha bila sababu, acha siku hiyo hiyo uende hospitali. Na mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, ama hepataitisi B, aulizie ultrasaundi ya kila miezi 6, juu uvimbe ukipatikana ungali mdogo unaweza kutolewa.