Mboga za kwenye ndoo mwishoni mwa masika, na manunuzi wakati vitu vimeadimika

Nimeandika haya baada ya kumsaidia dada mmoja wa mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, kupanda mboga kwenye kiuwanja cha nyumba ya kupanga. Masika yakielekea ukingoni, bustani za mabondeni zinakuwa zimeshalowa na kuoza, na fungu la mchicha gengeni linapungua huku bei ikipanda. Mwanzoni mwa 2024 sukari nayo iliadimika, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa. Sukari hutaipanda kwenye ndoo. Mboga utapanda, na hela ya mboga ndiyo itakayoongezea kwenye sukari.

Hatua ya 1: Vyombo

Kata madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula, au tumia viroba. Matundu toboa ubavuni, karibu na kitako. Ya chini kabisa huziba dumu likikaa sakafuni. Chombo kilichobeba dawa za kilimo usikiguse, hata kioshwe vipi.

Hatua ya 2: Udongo

Changanya ndoo 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyoiva na 1 ya mchanga (wa baharini hapana, una chumvi).

Neno kubwa hapo ni "iliyoiva". Wengi huchota mbolea kwenye banda la kuku wa nyama, wanaambiwa imeiva, na miche inaungua. Usisikilize maneno, ipime. Lowanisha kiasi kidogo, tia kwenye kopo lenye mfuniko, funga siku 3. Ukifungua ikakuchoma pua, bado mbichi. Iliyoiva inanukia udongo wa mvua, nyeusi, inamumunyuka mkononi, na maranda hayaonekani tena. Ukiwa na wasiwasi bado, sia punje chache za mchicha kwenye kopo la huo mchanganyiko kabla ya kujaza madumu yote.

Kama umeshanunua mbichi, irundike kivulini, ilowanishe, ifunike, uigeuze kila wiki. Ipe miezi miwili. Na kama umeshapanda, angalia majani: kingo zikigeuka kahawia na kukauka ilhali udongo una unyevu, hiyo si kiu. Mwaga maji mengi mpaka yatiririke matunduni, rudia kesho yake, na usiongeze mbolea yoyote.

Mimi nachagua samadi ya ng'ombe kila inapopatikana. Urea kwenye dumu siishauri kabisa: udongo ni mdogo, ukizidisha kidogo tu mizizi inaungua.

Hatua ya 3: Kupanda

Anza na matembele. Vipande vya shina vyenye urefu wa kiganja na nusu, chomeka nusu yake udongoni, basi. Mchicha sia kwa wingi. Ndani ya wiki 3 hadi 4 unavuna. Ukate juu ya majani mawili ya chini, usiung'oe, utachipua tena.

Nyanya kwa mbegu ni kama miezi mitatu, kwa hiyo nunua miche. Aina za Tanya na Tengeru 97 unaweza kutunza mbegu zake. Za chotara usihangaike. Funika kwa chandarua mapema kwa ajili ya kanitangaze, yule nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya.

Hatua ya 4: Gengeni na dukani

Kitunguu cha majani nunua chenye mizizi. Tumia majani, kile kipande cheupe cha chini kichomeke kwenye dumu.

Nyanya zikipanda bei, changeni na jirani mnunue sado moja mgawane. Zilizolainika zichemshe siku hiyohiyo ziwe rojo. Muulize mwenye duka mzigo huingia siku gani, uende siku hiyo, uchukue kinachokutosha wiki. Ukibeba mifuko mitano ya unga, jirani yako anakosa na bei inapanda kwa wote, wewe ukiwemo.